Maji Yasiyojaa Tope

Kila siku, saa nne asubuhi na saa nane mchana, Le Qiuping aliisifu Ningbo kwa dakika ishirini na mbili. Aliisifu kwa Kichina cha vitabuni, amevaa sketi ya buluu na viatu vilivyomkata visigino, kipaza sauti kimebanwa sikioni, mkononi ana kalamu ya mwanga mwekundu. Mbele yake palikuwa na meza pana kuliko chumba anacholala na mumewe, na juu ya meza hiyo jiji zima limejengwa kwa plastiki: milima ya kijani, makontena yenye ukubwa wa kiberiti, na bahari iliyopakwa rangi ambayo maji ya pale hayajawahi kuwa nayo.

"Waheshimiwa, tazameni tulipokaa," alikuwa akisema. "Tuko katikati ya pwani ya China. Meli ikitoka kaskazini, sisi tuko njiani. Ikitoka kusini, tuko njiani. Shehena ikishuka na Mto Yangtze kutoka bara, inatuangukia mikononi. Mbele yetu visiwa vya Zhoushan vinatukinga na vimbunga. Maji yetu hayagandi wakati wa baridi. Kina kinapita mita kumi na nane mpaka karibu na gati, na mkondo una nguvu kiasi kwamba tope halipati nafasi ya kukaa. Bandari nyingine zinalipa watu wachimbe. Sisi bahari inatufagilia bure."

Hapo wageni hucheka. Wa kutoka Hunan walicheka, wa kutoka Ujerumani walicheka baada ya kutafsiriwa, na Qiuping alikwisha kujua kusubiri mpaka kicheko kiishe ndipo aendelee na reli, na daraja refu la ghuba, na meli zinazofika nchi zaidi ya mia moja.

Mahali pamoja tu alipaharakisha. Mwanga mwekundu ulipofika kwenye gati jipya, lile litakaloanza kujengwa mwakani, aliupitisha kama mtu anayevuka barabara. Kwenye meza gati hilo lilikuwa limekwisha, lina kreni zake na taa ndogo zinazowaka kweli. Nje ya jumba, mahali hapo hapo, nyumba ya mama yake ilikuwa bado imesimama, na mama mwenyewe yumo ndani anatia kaa chumvi.

Jumatatu hiyo wageni walipoondoka, Mkurugenzi Bao alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na kikombe cha chai kisichoisha.

"Funga mlango, Bi Le. Kitongoji cha Shixia kina nyumba mia moja na arobaini. Mia moja thelathini na tisa wametia kidole kwenye karatasi ya kuhama. Unajua imebaki ya nani."

"Najua, Mkurugenzi."

"Mimi siwezi kumlazimisha mzee wa watu, na wala sitaki. Lakini wakubwa wananiuliza. Huyo anayewasifia wageni lile gati, mama yake si ndiye aliyelikalia? Nakosa la kujibu."

"Mimi nimeolewa. Nyumba ile si yangu."

"Mama je, si wako?"

Bao akajiongezea maji ya moto kwenye majani ya chai, taratibu. Qiuping hakupewa hata kikombe kitupu.

"Kuanzia kesho usije hapa. Kazi yako sasa ni mama yako. Ukileta karatasi yenye alama ya kidole chake, kiti chako kipo. Mwisho wa mwezi ukifika bila karatasi, nitakuwa sina la kufanya."

Hakuna aliyeshangaa jambo hilo katika wilaya ile. Kulikuwa na mwalimu aliyerudishwa nyumbani kumbembeleza baba mkwe, na muuguzi aliyenyimwa zamu mpaka babu yake alipokubali kuhama. Lilikuwa na jina zuri kabisa, liliitwa kazi ya kuelewesha familia. Qiuping alisimama, akainama kidogo kama inavyotakiwa, akashika kitasa cha mlango.

"Na viatu," Bao akasema bila kuinua macho. "Viatu ni vya ofisi."

Akatoka getini na ndala alizoazima kwa mpishi.

*

Shixia ilikuwa imebaki matofali. Kuta zilizosimama zilikuwa na duara jekundu la rangi na neno moja ndani yake: bomoa. Maji ya bomba yalikuwa yamekatwa tangu majira ya kuchipua, na mama yake Qiuping, ambaye pwani nzima ilimwita Mama Haiming, alikuwa akiteka ya mvua kwenye mapipa matatu. Alikuwa na miaka sitini na minane, mikono imechanjwachanjwa na magamba ya kaa wa maisha yake yote.

"Nini hicho miguuni?" aliuliza kabla ya salamu.

"Ndala."

"Za nani?"

"Za mpishi wa ofisini."

"Kumbe ukiisifu sana bahari unavuliwa viatu." Akampisha mlangoni. "Ingia. Umetumwa."

"Mama, sijatumwa."

"Umetumwa. Kila siku wanakuja vijana na machungwa. Leo wameishiwa machungwa, wamekuleta wewe."

Mezani kulikuwa na mabakuli matatu. Moja la mama, moja alilomchukulia Qiuping kabatini, na la tatu, lenye ufa mdomoni na vijiti vya kulia vimelazwa juu yake, la Haiming. Haiming alikuwa mdogo wake Qiuping, fundi mitambo kwenye tishari la mchanga. Miaka sita iliyopita tishari lile lilipinduka kwenye mkondo ulio mbele ya kitongoji, mawimbi ya meli kubwa yakalimeza, watu watano wakaopolewa na wawili hawakuonekana. Bakuli lilikuwa mezani tangu siku ile.

Qiuping alisema yote aliyopanga kusema. Gorofa walilopewa lina lifti. Choo kiko ndani, maji ya moto yanatoka ukutani, kiyoyozi wameshafunga.

"Haiming anaijua lifti?" mama akauliza.

"Mama."

"Nakuuliza. Ameondoka kwa mlango huu. Akirudi akakuta kreni, atamgongea nani?"

"Miaka sita, Mama."

"Kwani nimesema ameenda dukani?" Mama alimsogezea kaa wa chumvi, mbichi, wenye mayai ya rangi ya chungwa, kama Qiuping alivyowapenda tangu utotoni. "Siku ile uliponipeleka kazini kwako, nikakaa nyuma ya wageni, ulisemaje? Ulisema meli za hapa zinafika nchi zaidi ya mia moja. Ulisema bandari haifungwi hata siku moja ya mwaka. Sasa usiku ule zilipita meli ngapi? Zote ziwe hazina macho? Moja imemwokota, imemshusha Brazili, sijui wapi. Hana pasi, lugha hajui, na kichwa kigumu unakijua. Anarudi polepole."

Qiuping alitafuna kaa. Maneno aliyouzia wageni mama yake alikuwa ameyanunua yote, na sasa anayatumia.

*

Alikaa siku nane akienda Shixia asubuhi na kurudi kwake mchana mikono mitupu. Mumewe, Shen Guoding, aliendesha lori la makontena, na siku zake nyingi ziliishia kwenye foleni ya mageti, chai kwenye chupa, redio ikimwambia kuwa bandari imevunja rekodi nyingine ya shehena. Siku ya nane alimkuta mkewe anakunja nguo za binti yao, Yun, ambaye mwezi wa tisa angeingia sekondari. Ilikuwa sekondari nzuri ya mjini. Alipata nafasi kwa sababu fomu ilisema mama ni mtumishi wa eneo la bandari.

"Wamepiga simu shule," Guoding alisema. "Wanataka barua mpya ya mwajiri. Ya mwezi huu."

"Nimesikia."

"Mkwe anasemaje?"

"Haiming yuko Brazili."

Guoding hakucheka. Alivua soksi, akazitazama. "Mimi si mtu wa maneno, Qiuping. Lakini wewe ukweli unaujua. Unausema mara mbili kwa siku."

"Ukweli gani?"

"Tope halikai. Chini ya maji yale hakuna kinachokaa. Kama tope halikai, mtu je?"

Qiuping alimrushia soksi zake. Alimwambia ana moyo wa bati, akamwambia kulala na injini kumemfanya injini, na Guoding akazipokea soksi kifuani asijitetee. Wote wawili walijua kwamba maneno yale ya tope hayangerudi tena mdomoni yalikotoka.

Asubuhi yake alimkuta mama amekaa uani anasugua kaa kwa brashi. Qiuping alichuchumaa karibu yake. Alianza kwa sauti yake, lakini sauti yake ilimkimbia, ikaja ile ya kazini, laini, iliyonyooka.

"Mama, mkondo wa hapa mbele una nguvu sana. Unaingia kati ya visiwa unabanwa, unakwenda kasi. Ndiyo sababu hapajai tope. Chochote kinachozama hapa, kabla ya maji kupwa mara mbili kimeshatoka nje kwenye bahari kubwa. Mchanga, mawe madogo, chochote. Hakuna aliyemwokota. Meli kubwa vile haiwezi kusimama, na kutoka juu pale mtu haonekani. Haiming hayuko Brazili."

Brashi ilisimama.

"Hayo umeyajua lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Miaka mitano."

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikuwa unakuja unakula hapa, bakuli lake likiwa mezani."

"Ndiyo."

Mama Haiming alimaliza kaa aliyekuwa mkononi, kwa sababu kaa akianza kusuguliwa lazima amalizwe. Akanawa. Akaingia ndani, na Qiuping alimsikia akifungua kabati, akaliweka bakuli la tatu, akafunga. Aliporudi uso wake ulikuwa umepungua, ila sauti ilikuwa ile ile.

"Mwite Caidi aje anifungie mtu wa majani. Nitatia kidole kwenye karatasi yao. Lakini kwanza Haiming arudi kwake, nyumba ikiwa bado ina mlango. Na nitamwita kutoka pale alipoondokea. Si kwenye ufuo wa Xiangshan, si penginepo. Hapa."

*

Watu wa pwani ile hawamziki aliyepotea baharini mpaka aitwe. Majani ya mpunga hufungwa yakawa na kichwa, mikono na miguu, yakavishwa nguo za marehemu, na karatasi yenye saa aliyozaliwa ikashonewa kifuani. Maji yanapojaa mama huukalia ukingo akaita, jogoo akiwa kwenye tenga pembeni, na mtu wa damu ya marehemu huitika kwa niaba yake: nakuja. Mara tatu. Akishaitika ya tatu hafungui mdomo tena mpaka mtu wa majani avuke kizingiti cha nyumba yake na mlango ufungwe nyuma yake. Akisema lolote katikati, aliyeitwa hubaki njiani.

Shangazi Caidi, jirani aliyehamia gorofani mwaka uliopita, aliyajua yote hayo, na alifunga majani kwa siku moja akilalamika kwamba huko juu hana hata pa kuyakaushia. Tatizo halikuwa majani. Tatizo lilikuwa bahari. Ufuo wote wa Shixia ulikuwa nyuma ya uzio, na ngazi za mawe alizoshukia Haiming zilifukiwa miaka mitatu iliyopita. Juu yake pamejengwa jukwaa la wageni, lenye vyuma vya kung'aa na darubini ya kutia sarafu, ambapo Qiuping huwaleta watu baada ya kutazama meza ili waone makontena ya kweli.

Jumatano Bao alipiga simu. Alikuwa amemweka msichana mmoja mwenye shahada, na msichana huyo aliwaambia wageni kwamba Yangtze uko kusini, wakati uko kaskazini.

"Kesho kuna ujumbe kutoka Chongqing," alisema. "Mwenye makampuni ya mizigo, mzee, mtu mzito. Njoo kesho tu. Wanafika saa sita, saa nane na nusu wanaondoka. Karatasi je?"

"Kesho jioni utaipata, Mkurugenzi."

"Unaona? Ukiongea na mzazi vizuri anaelewa."

Caidi alitazama jedwali la maji lililobandikwa jikoni. Alhamisi maji yangejaa saa tisa na dakika arobaini, tena ni bamvua, yangepanda mpaka kwenye nguzo za jukwaa. Wageni wangekuwa wameshaondoka zamani. Qiuping alihesabu mara mbili, akaona pana saa nzima ya kupumua. Bao hakuambiwa kitu. Angekataa kwa upole, na upole wake haukuwa na pa kushikia.

*

Mlinzi wa geti la jukwaa alikuwa mzaliwa wa Shixia. Saa tisa alimwona Mama Haiming na Caidi wakija wamebeba tenga na kitu kirefu kilichofunikwa shuka la maua. Jogoo akawika ndani ya tenga.

"Mmebeba nini?" aliuliza, maana ndiyo kazi yake.

"Mboga," Caidi akasema.

"Mboga zina sauti nzuri." Akageuka akatazama kwingine, akawaachia geti.

Ila Ningbo wana mvinyo wao wa mchele, unaopashwa moto na kunywewa kwa vikombe vidogo visivyomtisha mtu, na wale watu wa Chongqing walikuwa hawajawahi kukutana nao. Chakula cha mchana kilichokuwa kiishe saa saba kiliisha saa nane na nusu. Kwenye meza ya jiji waliuliza maswali. Saa tisa na nusu, Qiuping akiwa na viatu vya ofisi miguuni na watu ishirini nyuma yake, Bao alisema kwa furaha, "Sasa twendeni jukwaani."

Wanawake wawili walikuwa ukingoni kabisa, wamepiga magoti. Mtu wa majani alikuwa kati yao amekaa, amevaa jaketi la buluu la Haiming, mgongo kwa wageni, kichwa kimeinama kidogo. Bao alimtazama Qiuping. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Endelea," akasema kwa sauti ya chini. "Simama upande huu. Waache nitawaondoa taratibu."

"Waheshimiwa," Qiuping akaanza, na vipaza sauti juu ya nguzo nane za jukwaa vikasema waheshimiwa. "Mbele yenu ni mkondo wetu mkuu. Kina chake kinapita mita kumi na nane—"

"Haiming," mama yake akaita. Hakupaza sauti sana. Aliita kama mtu anayeita mtoto aje kula. "Haiming, rudi nyumbani. Maji ni ya baridi. Rudi nyumbani."

Caidi aligeuza kichwa akamtafuta Qiuping kwa macho, maana hapakuwa na mwingine pale mwenye damu ile. Maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo, yamejaa, yametulia, na yakishatulia hukaa dakika chache tu kabla hayajaanza kurudi.

"—na hayagandi wakati wa baridi," Qiuping akasema, kwa sababu ndilo lililofuata.

"Haiming. Mama yako yuko hapa. Rudi nyumbani."

Bao alikuwa ameshapiga hatua kuelekea ukingoni. Qiuping alimwona mama akisubiri jibu, mabega yamekazana, na akakumbuka bakuli lile likifungiwa kabatini. Angeweza kukizima kipaza sauti. Kitufe kilikuwa kiunoni, kidole kimekizoea. Hakukumbuka hata kama kipo.

"Nakuja," akasema.

Nguzo zote nane zikasema nakuja. Sauti ikaenda juu ya gati, ikapita kwenye makontena, kreni, malori yaliyopanga foleni, mpaka ng'ambo ya maji. Jogoo akapiga mabawa. Bao akasimama pale pale alipokuwa.

"Haiming, rudi nyumbani."

"Nakuja."

"Rudi nyumbani, mwanangu."

"Nakuja."

Kisha mama yake akasimama kwa kujishikilia vyuma, akambeba mtu wa majani begani kama mtoto aliyelala, akaanza kutembea. Wageni wakampisha. Mzee wa Chongqing alivua kofia.

"Bi Le," Bao akanong'ona, "endelea basi. Reli. Waambie reli."

Qiuping alimtazama. Alikuwa amekwisha kuitika mara tatu, na mdomo haukuwa wake tena. Bao alirudia, mara hii kwa meno. Watu ishirini walimsubiri. Aliinama kidogo kama inavyotakiwa, akapita katikati yao na kipaza sauti bado kiko sikioni, akatoka getini nyuma ya mama yake. Kwa dakika kumi nguzo zote nane zilitoa sauti ya viatu vinavyobana na mtu anayehema, mpaka alipofika mbali zikanyamaza.

Mama Haiming alivuka kizingiti. Caidi akafunga mlango. Jioni ile kijana wa machungwa alileta wino mwekundu, na mama akatia kidole gumba kwenye karatasi bila kuisoma.

*

Jumatatu Qiuping alikwenda ofisini kurudisha viatu na kusikiliza hukumu yake. Bao alimvutia kiti, akammiminia chai, akasukuma kikombe mpaka mbele yake, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

"Mzee wa Chongqing alilia," Bao alisema. "Unajua? Kwenye gari. Anasema amezunguka bandari nyingi, zote zina kina, zote zina kreni. Hapa ndipo alipoona watu. Ameweka saini. Gati zima, miaka kumi."

"Nafurahi, Mkurugenzi."

"Wakubwa wamefurahi zaidi. Wanasema ni utamaduni, na utamaduni hatujautumia vya kutosha. Kila Jumanne, mwisho wa ziara, dakika tatu jukwaani. Mama yako hatutamsumbua. Tuna yule msichana wa shahada, atavaa nguo za kienyeji, ataita. Wewe uitike tu."

"Mkurugenzi, ile haifanywi hivyo. Mtu huitwa mara moja."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba kwa heshima."

"Na nikisema siwezi?"

Bao alikuwa anazungusha kifuniko cha kikombe chake. Alikuwa na huruma, ilionekana kabisa usoni, na haikuwa na msaada wowote.

"Barua ya shule ya mtoto nimeshaisaini," alisema. "Viatu vyako viko chini ya dawati."

*

Magorofa ya watu wa Shixia yalijengwa nyuma ya barabara ya malori, na mama alipata ghorofa ya kumi na moja, dirisha likitazama bandari. Mtu wa majani walimzika mlimani, kwenye makaburi mapya yaliyopangwa kwa namba. Mama alishika jembe mwenyewe. Nyumba ilibomolewa siku iliyofuata, asubuhi, kabla ya chai. Kwa wiki kadhaa alikuwa mtulivu, akajifunza lifti, akamtukana mwenye kuikojolea, akaanza hata kucheza karata na Caidi.

Katika mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, Qiuping alipanda na samaki wa manjano aliowanunua njiani. Mlango ulikuwa wazi. Alipoingia jikoni aliona meza, na mezani mabakuli matatu, la tatu likiwa na ufa mdomoni na vijiti vimelazwa juu yake.

Aliwaweka samaki chini.

"Mama. Tulimzika."

"Tulimzika," mama akakubali. Alikuwa ameketi dirishani, na dirisha amelifungua ingawa kulikuwa na baridi. "Alivuka kizingiti, Caidi akafunga mlango. Nililala usingizi siku ile, wa kwanza baada ya miaka sita. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Mtu aliyekwisha kufika, mbona kila Jumanne anaitika kwamba anakuja?"

Qiuping hakuwa amefikiria upepo, wala ghorofa ya kumi na moja, wala nguzo nane.

"Ni mimi, Mama. Ni kazi tu."

"Najua ni wewe. Hata siku ile ulikuwa wewe. Ulimpa sauti, akaja nayo. Sasa unampa sauti kila wiki, na anayesema nakuja ni mtu ambaye hajafika. Na mlango wenyewe umeshavunjwa." Mama aligeuka akamtazama, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu. "Au hata siku ile ulikuwa kazini?"

Qiuping alifungua mdomo. Siku ile alikuwa amevaa sketi ya buluu na viatu vya ofisi. Siku ile alikuwa ameshasema mita kumi na nane, na hayagandi wakati wa baridi. Alitafuta neno moja la kumwambia mama yake ambalo hajawahi kuwauzia wageni, na hakulipata.

"Funga dirisha, Mama," alisema hatimaye. "Utapata mafua."

"Nikifunga sitasikia."

Qiuping alichukua upawa, akapakua wali kwenye bakuli la mama, akapakua kwenye lake, na mkono ukaenda wenyewe kwenye la tatu. Chini malori yalikuwa yamewasha taa. Msimu wa wageni ulikuwa umepamba moto, na Jumanne iliyofuata alikuwa amepangiwa kuitika kwenye ziara zote mbili.